Ateri Zinapokakamaa: Moyo wa Bibi na Kazi za Kila Siku

Alfajiri, kabla jua halijapanda, njia za kata ya Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, huwa tayari zina watu. Wachimbaji wa zamu ya asubuhi huelekea mgodi wa Bulyanhulu, ambao ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Wakulima hushika njia za mashamba ya mpunga, mahindi na pamba. Nao wanawake wa rika zote hufuata maji na kuni. Tumchukue mjukuu wa miaka 16 anayeongozana na bibi yake wa miaka 65, kila mmoja na ndoo yake. Wakati wa kwenda hutembea sambamba. Wakati wa kurudi, ndoo zikiwa zimejaa, bibi hufika penye mwinuko akasimama, akatua mzigo na kuhema, ilhali mjukuu hajatoka hata jasho.

Watu husema, "Uzee huo," na mazungumzo hukomea hapo. Jibu hilo si la uongo, lakini halielezi jambo lolote. Bibi huyu ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya nusu karne. Misuli yake imeizoea, na mwendo wake ni wa ustadi kuliko wa mjukuu. Basi ni kitu gani hasa kilichozeeka? Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya kuta za mishipa mikubwa inayochukua damu kutoka moyoni, yaani ateri. Mwalimu na mwanafunzi wakielewa jambo hili wataona pia kwamba kuhema kwa bibi si uvivu, wala si jambo la kupuuzwa, na kwamba dawa yake si kumkalisha kitini.

ATERI SI BOMBA TU

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 70 hivi kwa dakika. Kila pigo hutoa kiasi cha mililita 70 za damu, kwa hiyo katika dakika moja moyo husukuma takriban lita 5. Lakini moyo husukuma kwa vipindi: husinyaa, hulegea, husinyaa tena. Kama ateri zingekuwa mabomba ya chuma, damu ingekwenda kwa mishtuko, ikirushwa kwa nguvu na kisha kusimama kabisa.

Hali haiwi hivyo kwa sababu aota, ambayo ndiyo ateri kuu kuliko zote, inanyumbuka. Moyo unaposinyaa, aota hutanuka na kuweka akiba sehemu ya damu iliyopokea. Moyo unapolegea, kuta za aota hurudi katika hali yake na kuisukuma akiba hiyo mbele. Kwa njia hii damu huendelea kutiririka hata wakati moyo unapumzika. Jambo hili lilielezwa na Stephen Hales, mchungaji wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1733. Hales ndiye mtu wa kwanza kupima shinikizo la damu, kwa kuingiza mrija katika ateri ya farasi. Alizifananisha ateri na chombo cha hewa kilichokuwamo katika pampu za kuzimia moto za zama zake, ambacho kilibadilisha msukumo wa vipindi kuwa mkondo usiokatika.

Kazi hii ya aota ina faida mbili. Kwanza, huulinda moyo usisukume dhidi ya ukuta mgumu. Pili, huilinda mishipa midogo ya ubongo na figo isipigwe na mawimbi makali ya damu.

KUTA HUBADILIKAJE

Mnyumbuko wa aota hutokana na nyuzi za protini iitwayo elastini. Mwili hutengeneza nyuzi hizi kwa wingi katika utoto na ujana. Baada ya hapo hutengeneza kidogo sana. Maana yake ni kwamba mzee wa miaka 65 anatumia karibu nyuzi zile zile alizokuwa nazo alipokuwa msichana. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Katika miaka 65 aota imekwisha kutanuka na kurudi zaidi ya mara bilioni mbili. Mpira wa ndani wa baiskeli ukikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mwishowe hupata nyufa. Nyuzi za elastini nazo huchoka na kukatika.

Panapokatika elastini, nafasi yake huchukuliwa na protini nyingine, kolajeni, ambayo ni imara lakini hainyumbuki sana. Aidha, sukari iliyomo katika damu hushikamana na nyuzi hizo na kuzifunga pamoja, na pengine kalsiamu hujikusanya katika ukuta. Mwisho wake ateri hukakamaa. Yafaa ieleweke kwamba kukakamaa huku si sawa na kuziba kwa ateri kunakosababishwa na mafuta. Mtu mwembamba, asiyekula mafuta mengi, anaweza kuwa na ateri zilizo wazi kabisa na bado zikawa ngumu.

Ugumu wa ateri hupimwa kwa kasi ya wimbi la mpigo. Kila moyo unapopiga, wimbi husafiri katika kuta za ateri, nalo ndilo tunalolihisi kifundoni mwa mkono. Mwaka 1878 wanasayansi wawili wa Uholanzi, Moens na Korteweg, walionyesha kwamba kadiri ukuta unavyokuwa mgumu ndivyo wimbi linavyokwenda kasi. Katika aota ya kijana wimbi hilo husafiri kiasi cha mita 5 au 6 kwa sekunde. Likizidi mita 10 kwa sekunde, madaktari huhesabu kwamba ateri zimekakamaa kiasi cha kuhatarisha afya.

Kasi hii ina matokeo. Wimbi likifika penye matawi ya mishipa, sehemu yake hugonga na kurudi nyuma, kama mwangwi. Kwa kijana mwangwi huo hurudi moyoni pole pole, wakati moyo umekwisha kulegea, na husaidia kuusukumia moyo wenyewe damu yake. Kwa mwenye ateri ngumu mwangwi hurudi mapema mno, moyo ukiwa bado unasukuma. Hapo moyo hulazimika kusukuma dhidi ya pigo lake wenyewe.

Ndiyo sababu shinikizo la damu la wazee lina sura ya pekee. Kijana anaweza kuwa na shinikizo la 115 kwa 75, likipimwa kwa milimita za zebaki. Mzee anaweza kuwa na 160 kwa 75. Namba ya juu imepanda kwa kuwa aota haitanuki. Namba ya chini haikupanda, na mara nyingine hushuka, kwa kuwa aota haina tena akiba ya kutosha ya kusukuma moyo unapolegea.

KWA NINI WANAWAKE HASA

Katika ujana wanawake wengi huwa na shinikizo la chini kuliko wanaume wa rika lao. Homoni ya estrojeni huzisaidia kuta za mishipa kutengeneza nitriki oksaidi, gesi ambayo huilegeza misuli midogo iliyomo ukutani na kuitanua mishipa. Hedhi inapokoma, kwa kawaida karibu na umri wa miaka 50, estrojeni hupungua sana. Toka hapo ateri za wanawake hukakamaa kwa kasi, na katika uzee hulingana na za wanaume au kuzishinda kwa ugumu.

Kuna sababu nyingine ya kimaumbile. Kwa wastani wanawake ni wafupi kuliko wanaume, na aota zao ni nyembamba zaidi. Mwangwi una safari fupi, kwa hiyo hurudi mapema zaidi. Moyo wenyewe ni mdogo, na ukisukuma kwa miaka mingi dhidi ya ateri ngumu, kuta zake hunenepa na kushindwa kulegea upesi. Ndiyo maana aina ile ya moyo kushindwa kazi ambayo moyo husinyaa vizuri lakini haulegei vizuri huwapata zaidi wanawake wazee.

KAZI INAPOANZA

Turudi sasa kwa bibi na mjukuu penye mwinuko. Misuli inayofanya kazi huhitaji oksijeni nyingi. Moyo uliokuwa ukitoa lita 5 kwa dakika hutakiwa kutoa 10, au hata 15 kazi ikiwa nzito. Kwa mjukuu aota hutanuka, mishipa ya miguu hufunguka, na damu nyingi hupita huku shinikizo likipanda kwa kiasi tu.

Kwa bibi mambo hayaendi hivyo. Aota yake haitanuki ipasavyo, kwa hiyo kila mililita iliyoongezwa hupandisha shinikizo la juu kwa ghafla. Neva zinazoibana mishipa huwa na nguvu zaidi katika uzee. Kwa mwanamke kijana, estrojeni husaidia mishipa ya misuli inayofanya kazi isizitii neva hizo. Baada ya hedhi kukoma msaada huo hupungua. Kwa hiyo miguu ya bibi hupata damu pungufu, ilhali shinikizo lake limepanda kupita la mjukuu.

Zaidi ya hayo, moyo wake haulegei upesi. Mapigo yanapoongezeka, muda wa kujaa hupungua, damu hurudi nyuma kuelekea mapafuni, naye huhema. Ateri zinazoulisha moyo wenyewe hupata damu hasa wakati moyo umelegea. Muda huo umepungua, na shinikizo la chini halitoshi.

Iko pia habari ya vipimo vya asili vya mwili. Katika ateri za shingo na katika upinde wa aota mna neva zinazohisi kutanuka kwa ukuta, na kwa njia hiyo ubongo hujua shinikizo likoje. Ukuta usiotanuka hautoi habari sahihi. Kwa sababu hiyo mwanamke mzee aliyeinama akipalilia huweza kushikwa na kizunguzungu anaponyanyuka ghafla, kwa kuwa mwili umechelewa kulirekebisha shinikizo. Akisimama kidogo njiani, au akinyanyuka kwa utaratibu, anafanya kile ambacho mwili wake unamtaka afanye.

USHAHIDI WA AFRIKA MASHARIKI

Wengi hudhani kwamba maradhi ya shinikizo ni ya watu wa mjini, wanene na wasiotembea, na kwamba mwanamke wa kijijini, anayelima na kubeba, amekingwa na jasho lake. Utafiti uliofanywa katika eneo letu unaonyesha ukweli wenye pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa kutia moyo. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kiluo na wa Kikikuyu nchini Kenya. Wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995 ilielezwa kwamba siri yao imo katika mwendo, unaohifadhi nishati kutoka hatua moja hadi nyingine kama inavyofanya timazi ya saa. Kadhalika, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, mashariki ya Shinyanga, ulionyesha kwamba watu hao hujishughulisha kwa nguvu za wastani au zaidi kwa takriban dakika 135 kila siku, na kwamba shinikizo la juu la damu ni nadra miongoni mwao, hata kwa wazee.

Upande wa pili ni wa kuonya. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako watu wengi ni wakulima, watafiti walipima wazee 2,223 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba karibu asilimia 70 walikuwa na shinikizo la juu. Kabla ya hapo, mwaka 2000, utafiti mwingine wa watu wazima ulikuwa umelinganisha Ilala, Dar es Salaam, na Shari, kijijini Hai. Ilala asilimia 39 ya wanawake walikuwa na shinikizo la juu. Shari asilimia 27. Kati ya wote waliokuwa na tatizo hilo, chini ya mmoja kwa kila watano alijua kwamba analo, na ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika hata mmoja kwa kila mia.

Kwa nini mkulima wa Hai asifanane na Mhadzabe? Kazi ni sehemu moja tu ya maisha. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi. Baada ya muda mfupi shinikizo lao lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki, na mkojo wao ulionyesha kwamba sasa walikula chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi, ile inayopatikana katika mboga, matunda na viazi. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo, na shinikizo la miaka mingi huzikakamaza ateri.

Kwa Bugarama funzo hili ni la karibu sana. Penye mgodi panakuja fedha, maduka, bodaboda na vyakula vya kununua. Mama aliyekula michembe na mboga za majani nyumbani sasa anaweza kula chipsi zilizonyunyiziwa chumvi sokoni. Aliyekuwa akitembea kwenda mnadani sasa hupanda pikipiki. Haya ni maendeleo, na hakuna anayetamani mwanamke arudie kubeba maji kutoka mbali. Lakini mwili unaopunguziwa mwendo na kuongezewa chumvi hukakamaa upesi zaidi.

JE, MAZOEZI YANASAIDIA?

Yanasaidia, ingawa si kwa watu wote kwa kiasi kimoja. Mwaka 1998 Hirofumi Tanaka na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, waliwalinganisha wanawake vijana na wanawake waliokwisha koma hedhi. Kati ya wale wasiofanya mazoezi, aota za wenye umri mkubwa zilikuwa ngumu kuliko za vijana, kama ilivyotarajiwa. Kati ya wakimbiaji, tofauti hiyo haikuonekana. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba hata wanawake waliokoma hedhi na waliokuwa hawafanyi mazoezi, wakianza na kuendelea kwa miezi mitatu, ateri zao za shingoni huongezeka mnyumbuko.

Hata hivyo, mwaka 2011 watafiti wa chuo hicho hicho waliona jambo jingine. Wiki 8 za kutembea kwa haraka ziliongeza sana uwezo wa ateri ya mkono kutanuka kwa wanaume wa makamo na wazee, lakini kwa wanawake waliokoma hedhi uwezo huo haukubadilika. Inaelekea kwamba bila estrojeni ya kutosha utando wa ndani wa mishipa hauitikii mazoezi kwa wepesi. Kwa hiyo mwanamke asiyeona mabadiliko ya haraka asikate tamaa, wala asilaumiwe kwamba hakujitahidi. Kutembea bado kunamfaa moyo, misuli, mifupa na sukari ya damu yake.

Aina ya kazi nayo ina uzito wake. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada walipima shinikizo ndani ya ateri za vijana wanyanyua vyuma. Walipobana pumzi na kusukuma kwa miguu yote miwili, shinikizo lilifika kwa wastani 320 kwa 250. Vijana wale walistahimili. Mwanamke mzee anayebana pumzi ili anyanyue ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20, hafiki huko, lakini hupandisha shinikizo lake katika ateri ambazo haziwezi kulipunguza makali. Isitoshe, kwa mwanamke wa kilo 55 ndoo hiyo ni zaidi ya theluthi ya uzito wake, wakati kiwango kisichogharimu nishati ya ziada, kwa vipimo vya Profesa Maloiy, kingekuwa kilo 11.

Basi kuna mambo manne ya kuzingatia. Kwanza, mwendo uendelee kila siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha mizani ya mwili kwa wenye miaka 65 na zaidi. Kipimo chepesi cha mwendo wa wastani ni kwamba mtu aweze kuzungumza na mwenzake, ingawa asiweze kuimba. Pili, mzigo ugawanywe: ndoo ya lita 10 mara mbili ni afadhali kuliko ya lita 20 mara moja. Mwenzake amtwike, naye atoe pumzi wakati wa kunyanyua badala ya kuibana. Tatu, chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kikiwa sawasawa, pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya kununua. Nne, shinikizo lipimwe. Ateri ngumu hazina maumivu. Anayehema kuliko alivyozoea, anayevimba miguu au anayebanwa kifua akifanya kazi aende kituo cha afya bila kungoja. Na aliyekwisha kupewa dawa asiziache kwa sababu tu anajisikia vizuri.

KAZI YA DARASANI

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili kwa vifaa vichache. Chukua mirija miwili ya urefu mmoja, mmoja wa plastiki ngumu na mwingine wa mpira laini unaotanuka. Ncha ya kila mmoja ifungwe kwa kizibo chenye tundu dogo la ukubwa ule ule. Unganisha mmoja baada ya mwingine na bomba la maji lenye msukumo, kisha fungua na kufunga koki kwa haraka, mara moja kila sekunde. Katika mrija mgumu maji yatatoka kwa mishtuko, yakikatika kila koki inapofungwa. Katika mrija laini yataendelea kutoka hata koki ikiwa imefungwa. Wanafunzi wapime kwa chupa na saa ni kiasi gani cha maji kimetoka katika dakika moja kwa kila mrija, kisha waeleze tofauti.

Jaribio la pili ni la mapigo. Kila mwanafunzi ahesabu mapigo yake kwa sekunde 30 akiwa ametulia, atembee kwa haraka dakika 5, ahesabu tena mara moja, na tena baada ya dakika 2. Kiwango cha juu cha mapigo ya mtu hukadiriwa kwa kutoa 0.7 mara umri wake kutoka 208. Kwa mwanafunzi wa miaka 16 ni karibu 197. Kwa bibi wa miaka 65 ni karibu 162. Wanafunzi wakadirie kila mmoja amebakiwa na akiba gani ya mapigo.

Akifika nyumbani, mwanafunzi asimpe bibi yake jaribio la kukimbia. Amweleze kwa adabu alichojifunza, ampokee ndoo penye mwinuko, na siku ya kliniki amsindikize zahanati akapimwe shinikizo. Njia ya kwenda huko waitembee pamoja, kwa mwendo wa bibi.